Ekari sita, dawa mbili na maharage ya wifi: uchambuzi wa kisa cha kuua magugu kabla hayajaota, tambarare za Moshi

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea msimu mmoja wa masika katika shamba lililoko upande wa chini wa barabara kuu ya Moshi–Arusha. Majina ya kijiji, ya wahusika na ya duka la pembejeo yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa kilimo yamebadilishwa ili watu wasitambulike. Mimi nilianza kulifuatilia shamba wiki ya tatu baada ya kupanda. Yaliyotangulia nimeyapata kwenye daftari la mwenye shamba, mwalimu mstaafu ambaye huandika kila kitu, mpaka kimo cha mvua kwenye kopo.

Kisa kinafaa kusomwa kwa sababu dawa zilinunuliwa siku moja, duka moja, zikapigwa na kijana mmoja kwa bomba moja la mgongoni, lakini vipande vitatu vya shamba vikatoa majibu matatu tofauti. Zaidi ya hapo, kulikuwa na ukanda ambao haukupigwa dawa kabisa, kwa hiyo tuna cha kulinganishia.

Shamba na mwenyewe

Mama mwenye shamba anaishi juu mlimani, kwenye kihamba chenye migomba na kahawa kidogo. Mahindi na maharage yako chini, tambarare. Ni mpango wa siku nyingi Uchaggani: kihamba juu, shamba la nafaka chini. Ubaya wake ni kwamba mwenye shamba halioni shamba kila siku. Magugu hayamngoji ashuke.

Shamba ni ekari sita, kila moja kwa kipimo cha hatua 70 kwa 70. Ekari mbili za juu zina udongo mwekundu tifutifu. Tatu za katikati zina udongo wa kahawia wenye mchanga kidogo. Moja ya chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Juu ya kipande chekundu unapita mfereji ambao watu wa chini hutumia maji yake.

Masika iliyotangulia palizi ya kwanza ilichelewa hadi wiki ya sita. Vibarua walikuwepo, ila walikuwa kwenye mashamba mengine, maana wiki ambayo wewe unahitaji palizi ndiyo wiki ambayo kila mtu anaihitaji. Mahindi hudhurika zaidi kati ya kama wiki ya pili na ya sita baada ya kuota. Magugu yakiachwa kipindi hicho, palizi ya baadaye husafisha shamba lakini hairudishi mavuno yaliyokwisha kupotea.

Magugu ya pale yanajulikana: mchicha pori, mbwembwe, nyasi za mwaka mmoja, gugu karoti linaloingia kutoka kando ya njia, na ndago mbugani.

Uamuzi kabla ya mvua

Mama alikwenda kwa bwana shamba wa kata akiwa amekwisha kuamua anataka "ile dawa ya kupiga kabla". Mazungumzo yao, kama alivyonisimulia, yalikuwa mafupi.

"Shikamoo mwalimu. Unapanda mahindi peke yake au na maharage?"

"Marahaba. Na maharage, mwanangu. Lini umeniona nikipanda mahindi matupu?"

"Basi dawa hii ya mchanganyiko siwezi kukushauri upige shamba lote. Ina atrazini. Maharage hayatasimama."

Hapo ndipo penye uzito wa kisa kizima. Dawa za namna hii hupigwa juu ya udongo mtupu, mbegu ya mazao ikiwa imekwisha kufukiwa na magugu hayajatokeza. Maji ya mvua huishusha dawa kwenye tabaka la juu, sentimita chache tu, na mbegu ndogo za magugu zinapochipua humo hukutana nayo. Atrazini huingia kwa mizizi na kuzuia jani lisitengeneze chakula chake kwa mwanga wa jua. Mahindi nayo huinyonya, lakini yana uwezo wa kuivunja ndani ya mmea kabla haijadhuru. Maharage hayana uwezo huo. S-metolaklori, mwenzake katika mchanganyiko ule, hufanya kazi tofauti: hudumaza chipukizi changa, hasa la nyasi, na maharage huivumilia ikipigwa kwa kipimo na kwa wakati wake. Kwa magugu ya majani mapana yenye mbegu kubwa ni dhaifu.

Kwa hiyo swali la dawa lilikuwa pia swali la chakula. Maharage ya shamba lile ndiyo mboga ya nyumba kwa miezi mingi, na sehemu yake humfikia wifi wa mama, anayekaa kihamba cha pili na ambaye kila mwaka huja na mbegu zake kuchomekea mistarini. Kumbuka huyo wifi.

Walikubaliana kuligawa shamba. Kipande chekundu na mbuga, ekari tatu, vipandwe mahindi peke yake na vipigwe mchanganyiko wa S-metolaklori na atrazini. Ekari tatu za katikati zibaki mahindi na maharage, zipigwe S-metolaklori pekee. Pendimethalini ilitajwa ikaachwa, kwa sababu hushikamana sana na udongo na hupungua ikikaa juani bila mvua, na mama hakutaka kubahatisha mvua kuliko alivyokuwa ameshabahatisha. Nadhani uamuzi wa kugawa ulikuwa sahihi, ingawa nani aambiwe kuhusu mgawanyo huo halikuzungumzwa.

Uamuzi mwingine ulikuwa wa mfereji. Bwana shamba alisema ukanda wa hatua kumi kando ya maji usiguswe na dawa, kwa kuwa atrazini husafiri na maji kwa urahisi. Ukanda ule ulipandwa mahindi kama kawaida, nje ya hesabu ya ekari sita.

Dukani mama aliangalia kama chupa zina namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu yenye makao yake Arusha. Zilikuwa nayo. Lebo ya mchanganyiko ilitaka lita 1.2 kwa ekari, sawa na lita 3.6 kwa ekari tatu. Alinunua lita 3.5, chupa tatu na nusu, maana kuongeza chupa nzima kwa ajili ya mililita mia moja aliona ni hasara. Muuzaji akampa kanuni ya haraka: bomba kumi za lita 16 kwa ekari, mililita 120 kwa kila bomba.

Siku za kupanda na kupuliza

Trekta lililima na kupiga haro, yaani kuvunja mabonge ya udongo, shamba lote kwa siku mbili. Kwenye mbuga haro ilipita mara moja, ikaacha mabonge makubwa kama ngumi na mengine zaidi. Kesho yake, siku ninayoiita ya 1, vibarua walipanda kipande chekundu na mbuga, sentimita 75 kwa 30, mbegu ikishuka kama sentimita tano.

Siku ya 2 kijana wa bomba alipiga kipande chekundu. Udongo ulikuwa na unyevu, upepo haukuwepo asubuhi. Alivaa buti na glavu alizopewa na mama, ila miwani aliikataa akidai inaziba macho. Siku ya 3 akapiga mbuga. Kwenye daftari mama ameandika sentensi moja: "Dawa imepungua, kijana ameongeza maji." Usiku wa siku ya 4 ikanyesha mvua ya milimita 18.

Kipande cha katikati kilicheleweshwa. Mbegu ya maharage ilikuwa bado mlimani na gari la kuiteremsha lilikosekana. Kilipandwa siku ya 6 na ya 7. Kijana naye alikuwa amechukuliwa na mashamba mengine, akarudi siku ya 9. Alipiga S-metolaklori juu ya udongo uliokuwa umekauka, wenye rangi ya kijani kidogo kwa mbali. Ile rangi ilikuwa nyasi na mchicha pori zenye jani moja au mawili.

Baada ya hapo mvua ikakata siku kumi na tatu. Mama aliwaza kumwagilia, lakini maji ya mfereji yana zamu na zamu yake haikuwa imefika. Kupitisha jembe juu juu ili kuifukia dawa kungewezekana kabla ya maharage kutokeza, lakini hakukuwa na mtu wa kumwambia hivyo wiki ile.

Wiki ya tatu

Nilipofika mara ya kwanza, ukanda wa mfereji ulikuwa zulia la kijani, udongo hauonekani. Kipande chekundu kilikuwa karibu kitupu kati ya mistari. Mahindi yalisimama vizuri, bila dalili ya kuungua. Mbuga ilikuwa na mabaka: mahali palipokuwa laini palikuwa safi kiasi, palipokuwa na mabonge pameota. Katikati, maharage na mahindi yalikuwa yanashindana na nyasi zilizokwisha kuyatangulia.

Vibarua walikuwa wameitwa kwa ajili ya kipande cha katikati. Walianza juu kwa mazoea, kwenye kipande chekundu, wakalima kwa jembe mistari kama minane kabla mama hajafika kuwazuia. Mzee mmoja miongoni mwao alimuuliza kwa mshangao, "Mama, utatulipa tukae?" Kwake shamba lisilopaliliwa ni shamba lililotelekezwa, hata kama magugu hayaonekani. Mama aliwahamishia katikati na kuwaagiza waparaze juu juu, wasichimbe, kwa sababu ya mizizi ya maharage.

Siku chache baadaye, siku ya 22, ikanyesha milimita 41 kwa usiku mmoja.

Maharage ya wifi

Wifi alikuwa ameshuka wiki ya pili, mama hayupo. Aliona kipande chekundu ni safi, udongo una unyevu, mistari ya mahindi imenyooka, na hakuna maharage. Kwa mtu anayejua shamba lile miaka yote, hiyo ilikuwa ni nafasi. Alichomekea maharage karibu robo ya ekari, mbegu aliyoitunza mwenyewe, akapanda daladala akarudi mlimani.

Yaliota vizuri. Majani mawili ya kwanza yalifunguka bila kasoro, na hiyo ndiyo tabia ya atrazini kwenye maharage: haizuii mbegu kuchipua. Inangoja mmea uanze kunyonya na kujitegemea. Baada ya jani la tatu, kingo za majani ya chini zikawa njano, kisha kahawia, kisha jani zima likakauka. Ilipofika mwisho wa wiki ya tano yalikuwa yamebaki mashina machache.

Wifi alidhani ni ugonjwa na akataka apewe dawa ya ukungu. Mama alimweleza kwa upole, lakini wifi alijibu jambo ambalo halikuwa na jibu la kitaalamu: "Wifi yangu, ungeniambia tu." Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lililogharimu zaidi katika uendeshaji wa shamba, na halikuhusu bomba wala lebo. Shamba la familia lina wapandaji zaidi ya mmoja. Dawa inayofunga udongo kwa zao fulani ni lazima itangazwe kwa kila mwenye desturi ya kupanda humo, na vijiti vinne vyenye kitambaa chekundu pembeni vingetosha.

Matokeo

Kipande chekundu hakikuhitaji palizi kamili. Watu wawili walipita asubuhi moja, wiki ya saba, kung'oa mbwembwe zilizobaki na nyasi ya sangari kwenye kona. Isipokuwa ile mistari minane iliyolimwa: baada ya mvua ya siku ya 22 iliota upya, ikabidi ipaliliwe tena. Mavuno yalikuwa gunia 15 za kilo mia kwa ekari. Mwaka uliotangulia, ekari zilezile zilitoa gunia 11 za mahindi na 2 za maharage kila moja.

Mbuga ilipaliliwa mara moja yote na mara ya pili kwa mabaka. Ndago iliongezeka kuliko mwaka wa nyuma. Gunia 9.

Kipande cha katikati kilipaliliwa mara moja, wiki ya tatu, kwa gharama ileile ya zamani. Palizi ya pili haikuhitajika ila kung'oa hapa na pale, na gugu karoti lililochipua upande wa njia liling'olewa kwa glavu kabla ya kutoa maua. Gunia 10 za mahindi na mbili na nusu za maharage kwa ekari.

Ukanda wa mfereji ulipaliliwa mara mbili, na majirani walizoea kukata nyasi za ng'ombe humo, kwa hiyo mavuno yake hayakupimwa. Kazi yake ilikuwa kutuonyesha magugu yangekuwa mengi kiasi gani.

Uchambuzi

*Hesabu ya bomba.* Nilimwomba kijana apige maji matupu kwenye kipande chekundu kwa mwendo wake wa kawaida. Alimaliza bomba 12 kwa ekari, siyo 10. Anatembea taratibu, na nozeli yake, ile ncha ya bomba inayotoa dawa, hurusha kwa umbo la koni, ile ya kupigia wadudu kwenye nyanya, ambayo hulowesha katikati na kuacha kingo. Kwa dawa ya udongo inatakiwa nozeli inayotoa umbo la feni na matone makubwa kidogo, ili tabaka liwe sawa.

Kisha tukapima ekari yenyewe kwa utepe. Hatua ya mama ni kama sentimita 85, na ekari yake ya hatua 70 ni mita 59.5 kwa 59.5, yaani kama mita za mraba 3,540. Ekari ya lebo ni 4,047. Weka hayo pamoja: bomba 12 mara mililita 120 ni lita 1.44, juu ya eneo ambalo ni asilimia 87 tu ya ekari. Kipande chekundu kilipata karibu lita 1.65 kwa ekari halisi, zaidi ya theluthi moja juu ya lebo.

Ekari mbili zikala lita 2.88. Kwa mbuga ilibaki lita 0.62, ambayo kijana aliinyoosha kwa maji mpaka ikatosha. Ukigawa kwa eneo halisi ni kama lita 0.7 kwa ekari. Udongo mwepesi ulizidishiwa, na udongo mzito, ambao mfinyanzi wake huishika dawa na hivyo kwa kawaida huhitaji kipimo cha juu ndani ya kile lebo inachoruhusu, ukapata zaidi kidogo ya nusu. Kama mtu angepanga kwa makusudi kuharibu, asingepanga vizuri zaidi. Na lita 3.5 alizonunua zilitosha ekari tatu za hatua. Kwa eneo lake halisi zilikuwa zinabaki.

Kanuni ya muuzaji haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya mtu mwingine, mwenye mwendo mwingine na nozeli nyingine. Dakika thelathini za kupiga maji matupu kwenye mita 10 kwa 10 kabla ya kufungua chupa zingeionyesha hitilafu hii yote.

*Mabonge.* Hata kipimo kingekuwa sahihi, mbuga ingesumbua. Dawa hukaa juu ya bonge. Mvua ikilivunja, udongo wa ndani ambao haukuguswa unatoka na mbegu zake.

*Siku zinahesabiwa kuanzia wapi.* Mama alihesabu tangu kupanda. Kwa hesabu hiyo, kipande cha katikati kilipigwa siku ya pili baada ya mbegu kwisha, yaani kwa wakati. Lakini magugu hayajui tarehe ya kupanda. Yalianza kuota tangu haro ya mwisho na mvua ya siku ya 4, na siku ya 9 yalikuwa yameshatokeza. S-metolaklori haiui gugu lililokwisha kutoka nje ya udongo. Kucheleweshwa kwa mbegu kulihitaji jambo moja kati ya mawili: haro ipigwe upya asubuhi ya kupanda, au kijani kile kiparazwe kwa jembe kabla ya bomba kufika.

*Mvua.* Dawa hizi zinahitaji mvua ya kama milimita 10 hadi 20 ndani ya wiki moja au mbili ili zishuke zilipo mbegu. Kipande chekundu kilipata 18 ndani ya siku mbili. Cha katikati kilingoja siku kumi na tatu, kisha kikapata 41 kwa mkupuo. Watu wengi pale kijijini walihitimisha kwamba dawa ya katikati ilikuwa feki. Sikubaliani. Baada ya mvua ya siku ya 22 magugu mapya yalikuwa machache sana kulinganisha na ukanda wa mfereji, ambao uliota tena kwa nguvu kila baada ya palizi. Dawa ilikuwepo, ikaanza kazi imechelewa, baada ya kundi la kwanza la magugu kupita.

*Jembe: mahali pawili, majibu mawili.* Hili liliwachanganya wengi. Kipande chekundu kilipolimwa kiliota upya. Cha katikati kilipoparazwa kilitulia. Tofauti ni kina na wakati. Juu, dawa ilikuwa imeshaloweshwa na kutengeneza tabaka. Jembe likalipindua na kuleta juu udongo usio na dawa. Katikati, dawa ilikuwa bado imelala kavu juani, na kuparaza sentimita mbili kuliichanganya na udongo siku chache kabla ya mvua. Vibarua walifanya hivyo kulinda mizizi ya maharage, si kwa ajili ya dawa. Bahati nayo inahesabika, ila isiandikwe kama mpango.

*Ndago.* Hakuna kati ya dawa hizi mbili inayomaliza ndago ya pale. Tuliichimba: vinundu vyake vimeungana kwa mlolongo chini ya ardhi, na hiyo ndiyo aina sugu. Kile kilichoonekana kama dawa "kuleta ndago" ni kuondolewa kwa washindani wake. Bado ninaona mbuga ingefaa kupigwa dawa ya kuua mpaka mizizi wakati ndago imeota na kabla ya mahindi kupandwa, lakini hiyo inahitaji mvua ya kuichipusha kwanza.

*Je, ililipa?* Hapa ninatofautiana na furaha ya wanaoangalia gunia 15. Ekari mbili nyekundu ziliongeza gunia 8 za mahindi na kupoteza gunia 4 za maharage. Bei ya maharage sokoni wakati wa kuvuna ilikuwa zaidi kidogo ya mara mbili ya mahindi. Kwa thamani, ongezeko la mavuno lilifutika. Faida ilikuwa kwenye palizi mbili zisizolipwa, ukitoa dawa na ujira wa bomba. Kwa mama anayeishi mbali na shamba faida hiyo ni kubwa, kwa kuwa ilimwondolea utumwa wa kutafuta vibarua wiki mbaya. Kwa jirani mwenye watoto wanne wakubwa nyumbani na shamba mlangoni, nisingemshauri afanye hivyohivyo. Wala siwezi kuiambia dawa asante kwa gunia zote nne za nyongeza kwa ekari: maharage yenyewe hushindana na mahindi, na msimu ule mvua za mwisho zilikuwa nzuri.

Makopo ya Septemba

Mama alitaka kurudisha maharage kwenye kipande chekundu wakati wa vuli. Atrazini inaweza kubaki udongoni miezi mingi, zaidi kwenye udongo wenye magadi na pale mvua inapokata, na kipande hiki kilizidishiwa. Tulifanya jaribio la makopo. Udongo wa sentimita kumi za juu ulichukuliwa sehemu tatu: katikati ya kipande, kwenye ncha za mistari ambako kijana aligeuka bila kufunga dawa, na ukanda wa mfereji. Maharage manne kila kopo, makopo matatu kila sehemu, yakawekwa barazani, yakamwagiliwa kwa wiki tatu.

Ya mfereji yalikua kijani. Ya katikati ya kipande yalikuwa mafupi kidogo, na kopo moja lilikuwa na njano kwenye kingo. Ya ncha za mistari yaliungua kama yale ya wifi.

Kwa hiyo maharage ya vuli yalipelekwa kipande cha katikati. Wifi alikatiwa humohumo ekari moja yake, yenye mipaka ya vijiti, na yeye ndiye anayeshika ufunguo wa banda la dawa. Kijana wa bomba alinunuliwa nozeli ya feni, na mama ameandika mwendo wake kwenye daftari: bomba 9 kwa ekari ya utepe. Chupa tupu zilisuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakarudishwa kwenye bomba na kupigwa shambani, kisha chupa zikatobolewa. Kuhusu mbuga bado hatujaelewana. Mimi ninataka haro ipite mara mbili na ndago ishughulikiwe kwanza. Yeye anasema gharama ya trekta ya pili ni sawa na palizi, na kwamba huenda akaipanda mpunga.